Baba amepitisha tarehe ya sindano ya homoni ya saratani ya tezi dume: tuache au tuendelee?

Mtoto wa Newala, 12 Juni

Shikamooni wakubwa, na rika langu nawasalimu. Naandika nikiwa Mtwara mjini, lakini habari ni ya baba yangu aliyeko Newala, mkulima wa korosho mwenye umri wa miaka 71.

Mwaka jana alianza kuamka usiku mara tano au sita kwenda haja ndogo, nasi tukadhani ni uzee. Kisha kiuno na nyonga vikaanza kumuuma kiasi kwamba hakuweza tena kulalia ubavu wa kushoto. Tulipompeleka hospitali, kipimo cha PSA, kile cha damu kinachofuatilia tezi dume, kilisoma 214, akakatwa kipande kidogo cha tezi hiyo kikapimwe, na majibu yakarudi kuwa ni saratani ya tezi dume ambayo imeshafika kwenye mifupa ya nyonga na pingili za chini za mgongo. Daktari hakutuficha. Alisema kwamba ikifikia hatua hiyo haiponi, ila inaweza kutulizwa kwa muda mrefu kwa kuinyima homoni ya kiume inayoilisha, na akatupa njia mbili: sindano ya kila baada ya miezi mitatu, au upasuaji mdogo wa kuondoa korodani. Baba alikataa upasuaji hata kabla daktari hajamaliza kueleza.

Alichomwa sindano ya kwanza tarehe 18 Novemba, wakati malipo ya korosho yalikuwa yameingia, na ya pili tarehe 10 Februari. Siku hiyo ya Februari PSA ilikuwa imeshuka hadi 3.8. Maumivu yalikwisha, baba akarudi shambani kupalilia, na mama akaacha kulala macho. Sindano ya tatu ilikuwa ya tarehe 5 Mei, na mpaka leo, siku 38 baadaye, hajachomwa. Mwanzoni tulikosa dawa pale tulipozoea kununua. Ilipopatikana, fedha zilikuwa zimekwenda kwenye salfa ya kupulizia mikorosho, kwa sababu usipopulizia sasa huna utakachovuna Oktoba. Kisha tukakaa kikao cha familia, na mjomba, ambaye ndiye anayesaidia sehemu kubwa ya gharama na ambaye kwetu neno lake lina uzito, akauliza swali nililoshindwa kulijibu: ikiwa kipimo kimetoka 214 hadi 3.8 na mgonjwa anapanda baiskeli, tunaendelea kununua dawa ya nini?

Jambo jingine baba hakuniambia mimi, alimwambia mama. Usiku anapatwa na fukuto la ghafla linaloanzia kifuani na kupanda usoni, analowa jasho, anatoka kwenda kujimwagia maji, na ninyi mnajua maji ya Newala yanavyopatikana kwa shida. Mama anasema pia kwamba amekuwa mkimya kuliko alivyokuwa. Naomba anayejua anieleze kama kuacha kuna madhara, kama huku kuchelewa kumeshaharibu kitu, na kama ule upasuaji alioukataa ni jambo la kufikiriwa tena. Nauliza kwa moyo wote, kwa sababu Jumamosi tunakaa tena kikao.

Muuguzi wa Lindi

Pole sana ndugu yangu, na umpe pole mama. Mimi ni muuguzi, nimewachoma wazee wengi sindano hizi, na swali la mjomba wako nimelisikia mara nyingi mno. Mjibuni kwa heshima, maana halikutoka kwa mtu mbaya.

PSA imeshuka kwa sababu dawa ipo mwilini. Saratani haijaondoka. Imekosa chakula, ikalala. Dawa anayochomwa baba, nadhani ni goserelini kwa jinsi unavyoeleza ratiba, inafanya kazi hivi: chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotuma amri kwa korodani zitengeneze testosteroni, yaani ile homoni ya kiume. Amri hiyo kwa kawaida huja kwa vipindi, kama mgeni anayepiga hodi, akasikika, akanyamaza. Dawa yenyewe ni hodi isiyokoma. Siku za mwanzo mwenye nyumba anaitika kwa nguvu, na homoni hupanda badala ya kushuka, ndiyo maana mgonjwa mwenye saratani mifupani hupewa vidonge vya bikalutamidi kumkinga katika wiki za mwanzo. Baada ya wiki mbili hadi tatu mwenye nyumba anachoka na haitiki tena, na homoni inaanguka hadi kiwango cha mtu aliyeondolewa korodani. Dawa ikiisha, hodi inakoma, na mwenye nyumba anaanza tena kusikia. Mjomba aelezwe kwamba ile 3.8 ni kazi ya sindano ya Novemba, na kwamba sindano ya Februari nayo imeshamaliza muda wake.

Naomba nikae kidogo kwenye tarehe, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapojikwaa. Sindano ya goserelini ya miligramu 10.8 tunaiita ya miezi mitatu, lakini hesabu yake ni wiki 12, yaani siku 84. Baba alichomwa tarehe 10 Februari, kwa hiyo siku ya 84 ni 5 Mei, kama mlivyoandikiwa. Familia nyingi zingehesabu kwa miezi na kuja tarehe 10 Mei, na zamu ijayo wangechelewa tena siku kadhaa, na hivyo hivyo. Ile ndogo ya miligramu 3.6 ni ya siku 28, si ya mwezi. Mwezi una siku 30 au 31, na siku hizo mbili tatu zikijikusanya mwaka mzima zinakuwa sindano nzima iliyopotea. Mimi huwaambia wazee wahesabu kwa wiki: ukichomwa Jumatatu, utarudi Jumatatu.

Na dawa yenyewe muijue, kwa kuwa mnainunua nje na kuibeba. Si maji. Ndani ya sindano kuna kijiti cheupe, chembamba, kama punje ndefu ya mchele, na sindano ni nene kuliko zile za kawaida kwa sababu lazima kijiti kipite ndani yake. Mgonjwa huegemea nyuma kidogo, tunabana ngozi ya tumbo chini ya kitovu, upande mmoja safari hii na upande wa pili safari ijayo, na kijiti kinaachwa chini ya ngozi kiyeyuke polepole. Kwa hiyo baba asishtuke akigusa akahisi kauvimbe kadogo. Kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande, amwambie anayemchoma kabla ya kuchomwa.

Kuhusu joto: dawa hii inatakiwa kukaa mahali pasipozidi nyuzi 25, na huku kwetu mchana wa kawaida unapita hapo. Niliwahi kupokea boksi lililosafiri kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, juu ya dashibodi ya basi. Nililishika, lilikuwa la moto kama chungu kilichoepuliwa. Mwenye basi alidhani anatusaidia, ili lisipotee kwenye mizigo. Ninyi mkiagiza, ombeni liwekwe kwenye kasha la baridi, mbali na barafu yenyewe ili lisigande, na msome maandishi ya boksi, kwa sababu zipo dawa za kundi hilihili zinazotakiwa kukaa kwenye jokofu tangu zinapotengenezwa.

Msisubiri kikao cha Jumamosi ndipo mpige simu hospitali. Pigeni kesho asubuhi.

Mzee wa Nachingwea

Marahaba mwanangu. Mimi nina miaka 74 na ugonjwa huu ninao kwa mwaka wa sita, kwa hiyo nitazungumza na baba yako kupitia kwako, na kama unaweza, msomee maneno haya mkiwa wawili tu.

Nilianza kwa sindano kama yeye, na nilikataa upasuaji kama yeye, kwa sababu hiyohiyo ambayo wanaume hatuisemi. Nilichomwa kwa miaka miwili. Katika miaka hiyo nilikosa tarehe mara tatu: mara moja kwa kukosa fedha, mara moja kwa kukosa dawa, na mara moja mvua zilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga na dawa yangu ikawa ng'ambo ya pili ya maji. Nilikaa nikihesabu siku kama mtu anayesubiri meli. Mara ile ya tatu maumivu ya kiuno yalirudi kabla dawa haijafika, na usiku mmoja nikamwambia mke wangu kwamba nimechoka kuishi kwa kutegemea boksi.

Hapo ndipo nilipomweleza kuhusu nguvu za kiume, kwa maana zilikuwa zimekwisha tangu mwezi wa pili wa sindano, nami nilikuwa nimeanza kulala chumba cha mbele bila kumpa sababu. Akalia. Akaniambia kwamba kwa muda wote ule alidhani nimepata mwanamke mwingine. Mwanangu, huyo ni mama wa watoto wangu saba, na nilimwacha na fikra hiyo mwaka mzima kwa sababu ya aibu. Baba yako ukimya wake naujua ulikotoka. Sindano inaondoa hamu na inaondoa uwezo, na kwa wengine inaleta unyonge wa moyo. Mtu asiyeambiwa kwamba hiyo ni dawa hudhani ni yeye mwenyewe ameharibika. Mama yako aambiwe na mtu wa hospitali, wote wawili wakiwa wamekaa pamoja.

Baadaye nikachagua upasuaji. Jambo lililonibadilisha mawazo ni maelezo ya daktari kwamba sindano ilikuwa imeshafanya kazi ileile, kwamba korodani zangu zilikuwa zimelala kwa miaka miwili, na kwamba nilichokuwa nikikilinda kwa gharama yote ile ni umbo tu. Akaniambia pia kwamba inawezekana kutoa sehemu ya ndani inayotengeneza homoni na kuacha ganda lake, ili mtu akioga asione pengo. Nilichomwa ganzi ya mgongo, nikalala siku moja, na baada ya wiki mbili nilikuwa barazani nikicheza bao. Simwambii baba yako afanye hivyo. Kisichorudi hakirudi, na mwanamume aamue mwenyewe akiwa ameelezwa, si mjomba, si mtoto, wala si mimi. Ninachotaka ni ajue kwamba yupo mzee Nachingwea aliyepita huko na bado anaitwa baba na babu nyumbani kwake.

Fukuto halikuondoka kwa upasuaji, nisimdanganye. Limepungua kwa kuacha chai ya moto jioni na pilipili, kwa kulala na shuka la pamba badala ya blanketi, na kwa kuweka kitambaa chenye maji kwenye kopo kando ya kitanda ili nisilazimike kwenda kujimwagia. Kitambaa kimoja cha maji kinatosha usiku kucha.

Binti wa Masasi

Shikamoo mzee, na asante kwa ujasiri wako. Nimesoma nikamkumbuka marehemu baba.

Kaka wa Newala, mimi nitakwambia jambo moja tu, kwa sababu umesema saratani ya baba yako ipo kwenye pingili za mgongo. Baba yangu naye alikatisha sindano, miezi minne. Asubuhi moja alitoka kwenda msikitini, na nilipokuwa nafagia uwanja nikaona kandambili yake ya kulia imebaki mlangoni ikiwa imeelekea nje, naye ameshafika kwenye mwembe. Nikamwita, nikamwambia, baba, umeacha kiatu. Akatazama mguu wake. Hakuwa amehisi kwamba kimevuka. Tulicheka wote wawili. Siku ile ile jioni alisema miguu ni mizito. Tukampeleka kituo cha karibu, akapewa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike. Siku ya tatu hakuweza kusimama, na mkojo ukaziba.

Tulipofika kwenye hospitali kubwa, daktari alituambia kwamba uvimbe ulikuwa umebana uti wa mgongo, na kwamba saa zile za kwanza ndizo zilizokuwa na thamani. Hakutembea tena hadi Mungu alipomchukua. Sisemi haya kukutisha. Nasema ili mtu yeyote katika nyumba yenu akiona mguu umekufa ganzi, au maumivu ya mgongo yanayozidi akilala, au miguu kulegea, au haja kubwa au ndogo kugoma au kutoka bila taarifa, asikubali panado wala kupumzika. Siku hiyo hiyo, hata iwe usiku, apelekwe hospitali ya rufaa, iwe Ligula, iwe ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, zote za Mtwara, na mseme mlangoni kwa sauti: mgonjwa huyu ana saratani ya tezi dume kwenye mgongo na miguu inalegea. Mkisema tu kwamba mzee anaumwa mgongo mtapangwa foleni na wengine.

Mtoto wa Newala

Dada, nimesoma habari ya kandambili nikampigia mama saa ileile. Ameniambia baba anatembea vizuri, ila tangu wiki iliyopita kiuno kimeanza tena kuuma usiku, na alikuwa hataki nijue kwa sababu ya gharama. Mzee wangu wa Nachingwea, nitamsomea baba maneno yako mwenyewe, mkono kwa mkono, sitayatuma kwa simu. Kesho naenda Newala.

Swali langu jipya ni hili: akichomwa sasa, baada ya kuchelewa hivi, je, ule mpando wa homoni wa mwanzo alioueleza dada muuguzi unaweza kutokea tena?

Daktari wa njia ya mkojo

Ndugu, swali lako la mwisho ni zuri, na jibu ni kwamba unaweza kutokea. Ikiwa homoni imeshaanza kurudi, sindano mpya inaweza kuisukuma juu kwa siku chache kabla ya kuiangusha, na kwa mgonjwa mwenye saratani kwenye pingili jambo hilo si dogo. Kwa hiyo asichomwe tu dukani kwa kuwa dawa imepatikana. Daktari wake amwone kwanza, aikague miguu, apime PSA na testosteroni kwa pamoja, kisha aamue kama atamtangulizia bikalutamidi, ambayo kwa kawaida ni kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa siku kwa wiki chache. Ipo pia dawa ya kundi jingine, degareliksi, ambayo haipigi hodi bali inaufunga mlango moja kwa moja, na kwa hiyo haileti mpando huo. Hiyo huchomwa kila mwezi, na siku ya kwanza huchomwa sindano mbili. Upasuaji nao hauna mpando: homoni huanguka ndani ya saa chache, na kwa sababu hiyo tunaupendelea kwa mgonjwa anayeletwa akiwa na dalili za uti wa mgongo kubanwa.

Testosteroni ipimwe pamoja na PSA kwa sababu vipimo hivyo viwili hueleza mambo mawili tofauti. Testosteroni inatuambia kama sindano inafanya kazi yake, na lengo ni iwe chini ya nanogramu 50 kwa desilita. PSA inatuambia kama saratani inatii. Zote mbili zikipanda, maana yake dawa imekwisha mwilini, na hilo linarekebishika kwa kurudi kwenye ratiba. PSA ikipanda huku testosteroni iko chini, hapo saratani imeanza kujifunza kuishi bila chakula kile, na tunaongeza dawa nyingine bila kuacha sindano. Nimeona familia zikiacha kila kitu zinapofika hapo kwa kuamini kwamba sindano imeshindwa. Sindano huendelea, dawa mpya hupandishwa juu yake.

Nikirudi kwa mjomba, ambaye namheshimu kwa kuuliza: huko Chicago mwaka 1941, Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba ukiondoa homoni ya kiume, saratani ya tezi dume iliyosambaa hurudi nyuma na maumivu ya mifupa hupungua, na kwa kazi hiyo Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tangu wakati huo njia zimeongezeka, lakini msingi haujabadilika, nao ni kwamba homoni ibaki chini. Ni kweli kwamba kwa baadhi ya wagonjwa madaktari hupumzisha sindano kwa makusudi PSA ikishuka na kutulia. Lakini mapumziko hayo hupangwa, mgonjwa hupimwa mara kwa mara na huwekewa kiwango cha kuanzia tena, na kwa ambaye saratani imesambaa mifupani kawaida ni kuendelea bila kukatisha. Kukosa dawa au fedha si mapumziko ya aina hiyo.

Muulizeni daktari wenu pia kuhusu kuongeza dawa ya pili tangu sasa, kabla sindano haijashindwa. Tafiti kubwa zilizotolewa mwaka 2015 na 2017 zilionyesha kwamba mgonjwa ambaye saratani imesambaa akianza sindano pamoja na dosetakseli, ambayo ni dawa ya kemotherapia, au pamoja na vidonge vya abirateroni, huishi muda mrefu kuliko anayetumia sindano peke yake. Abirateroni humezwa tumbo likiwa tupu, pamoja na prednisoloni, na inahitaji kufuatiliwa kwa shinikizo la damu, ini na madini ya potasiamu. Ni dawa ya gharama, na si kila mgonjwa inamfaa, lakini swali liulizwe. Likiulizwa, pelekeni na kadi ya bima kama anayo, mfahamu mapema inagusa nini na haigusi nini. Na kama baba anakunywa mizizi au majani yoyote, aseme bila kuogopa kugombezwa, kwa sababu baadhi hugombana na dawa kwenye ini.

Kuhusu mifupa, sindano hii huilegeza kadiri miaka inavyokwenda, juu ya ugonjwa uliomo. Dagaa anaowala na mifupa yao, jua la asubuhi, na kutembea kila siku humsaidia. Baiskeli kwenye njia nzuri sina ugomvi nayo. Gunia la korosho begani asilibebe tena, hata akijiona mzima, kwa sababu pingili yenye ugonjwa inaweza kuvunjika kwa uzito ambao mwaka juzi hakuuona kuwa mzigo. Apimwe sukari na shinikizo walau mara mbili kwa mwaka, maana homoni ikishuka tumbo huongezeka, misuli hupungua, na moyo huelemewa. Akivuta sigara, aache. Fukuto likizidi njia za mzee wetu wa Nachingwea, zipo dawa za kuandikiwa, asivumilie kimya.

Na wewe mwenyewe, ndugu, pamoja na kaka zako. Mwanamume ambaye baba yake au ndugu yake wa tumbo moja ameupata ugonjwa huu yuko kwenye hatari takriban mara mbili ya wengine. Mkifika miaka 45 zungumzeni na daktari juu ya kupima PSA, ambayo ni damu kidogo tu ya mkononi, msisubiri kuamka usiku mara sita.

Mtoto wa Newala, 30 Juni

Wakubwa wangu, nimechelewa kurudi kwa sababu tulikuwa njiani na hospitalini.

Nilimsomea baba tukiwa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, wawili tu kama alivyoelekeza mzee. Nilipofika mahali pa chumba cha mbele aliniomba nirudie. Hakusema kitu, ila jioni alimwita mama wakakaa ndani muda mrefu, na usiku ule mama alitoa kopo na kitambaa akaviweka upande wa baba.

Kikao cha Jumamosi kilikuwa kifupi. Nilimweleza mjomba habari ya hodi, na ya kandambili pia. Alinyamaza, kisha akasema kwamba kama ni hivyo, salfa ya ekari mbili za bondeni isubiri. Tukampeleka baba Mtwara. Vipimo vilionyesha PSA 11.6, na testosteroni ilikuwa imepanda juu ya kiwango alichokitaja daktari hapa. Miguu yake ilikaguliwa, iko imara. Alianzishiwa vidonge vya bikalutamidi, na tarehe 19 Juni akachomwa sindano. Muuguzi aliyemchoma alimwonyesha kile kijiti cheupe ndani ya sindano kabla ya kuchoma, baba akakitazama kwa muda, akauliza kama ni hicho tu kinachomla fedha zote zile.

Kuhusu upasuaji, hakukubali na hakukataa. Amemwambia daktari kwamba anataka kwanza azungumze na mwanamume aliyefanyiwa. Mzee wangu wa Nachingwea, kama hutajali, naomba nimlete kwako siku moja kabla ya msimu kuanza. Mama amehesabu wiki 12 kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, akazirudia mara mbili, na nyuma ya mlango wa ghala baba mwenyewe ameandika kwa chaki: 11 Septemba.

Mzee wa Nachingwea

Mlete, mwanangu. Aje na mama. Mniarifu siku moja kabla ili tuchinje kuku.